Ana miezi 9 hatambai, na mtoto wa wifi yangu keshasimama

SWALI

Shikamoo Anti,

Nina binti yangu wa kwanza, wiki iliyopita ametimiza miezi 9. Hatambai. Hata kukaa bado hajakaa vizuri: nikimweka mkekani anaegemeza mikono mbele, anatulia kidogo, halafu anaangukia ubavu. Ili akae inabidi nimzungushie mito au nimtie kwenye beseni nililotandika kanga.

Wifi yangu alijifungua wiki ileile niliyojifungua mimi. Mwanawe wa kiume anatambaa nyumba nzima, na juzi aliweka video kwenye grupu la familia, mtoto kashika kochi kasimama. Watu wakapongeza, ikawa furaha, mpaka shangazi mmoja akauliza mbele ya wote: "Na huyo wa Morogoro vipi, kaanza?" Sikujibu. Nilizima simu nikalia.

Mama mkwe amekuja kukaa nasi kwa muda. Anasema wanawe wote walichimbiwa kishimo uani, kikatandikwa nguo, wakakalishwa humo mpaka kiunoni, na wote walikaa mapema. Anataka na huyu tumchimbie. Kila asubuhi anamkanda kwa mafuta ya nazi, anamvuta mikono na miguu mpaka mtoto analia. Mume wangu yeye anataka kununua kile kigari cha magurudumu cha kufundishia watoto kutembea. Na jirani ameninong'oneza nimwangalie vizuri, isije ikawa mtindio wa ubongo. Tangu aliponiambia hivyo usingizi umenipotea.

Uzito wake ni kilo 7.0, wa wifi ana kilo 9 na nusu. Nesi kliniki anasema anaendelea vizuri, anaandika kwenye kadi, napita. Foleni ndefu, naona aibu kuuliza maswali. Ananyonya, anakula uji. Anageuka pande zote mbili, anacheka sana, anahamisha kijiko mkono huu kwenda mkono ule, na "bababa" ndiyo wimbo wake kutwa nzima. Nikimlaza kifudifudi analia, kwa hiyo nimeacha. Mchana nikiwa dukani anabaki na dada wa kazi, ambaye anambeba mgongoni au anamweka kitandani, maana sakafu yetu ni ya saruji na nimemkataza kumweka chini, naogopa nimonia. Naogopa zaidi kwa kuwa alizaliwa njiti, wiki ya 33, na kilo 1.9. Tulikaa wodini nikimbeba kifuani, na siku za mwanzo aliwekewa oksijeni. Lakini hayo yalishapita, tukaruhusiwa akiwa mzima.

Nifanye nini Anti? Nimchimbie shimo? Ninunue kigari? Au nikubali kwamba mwanangu ana tatizo?

Mama wa binti mmoja, Morogoro


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa machozi ya siku ile ya grupu.

Jambo kubwa kuliko yote katika barua yako umeliweka chini kabisa, baada ya uji na sakafu: binti yako alizaliwa wiki ya 33. Unasema hayo yalishapita. Hospitali ilishapita, ni kweli, lakini hesabu ya umri haijapita, na hiyo ndiyo inayokuliza.

Mimba kamili huhesabiwa wiki 40. Mwanao alitoka wiki 7 kabla. Wiki hizo 7 alizopaswa kuzimaliza tumboni, akikaza misuli na kukomaza ubongo, alizimaliza kifuani kwako. Kwa hiyo tunapopima kukaa, kutambaa na kusimama kwa mtoto njiti, tunaondoa zile wiki zilizopungua na kuhesabu kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Wataalamu wanauita umri uliorekebishwa, na tunautumia mpaka mtoto atimize miaka 2. Chukua miezi 9 yake, toa wiki 7: unabaki na miezi 7 na siku kadhaa. Huo ndio umri wa mgongo wake na miguu yake.

Sasa isome tena barua yako ukiwa na umri huo kichwani. Mtoto wa miezi 7 anayegeuka pande zote mbili, anayekaa kwa kuegemeza mikono mbele, anayehamisha kijiko toka mkono mmoja kwenda wa pili, anayecheka na kusema "bababa". Mtoto kama huyo akiletwa kliniki wala hatushtuki. Shangazi alikuwa anamlinganisha mtoto wa miezi 7 na mtoto wa miezi 9, na katika mwaka wa kwanza miezi 2 ni pengo kubwa mno.

Chanjo tu ndizo haziingii kwenye hesabu hii. Hizo zinafuata tarehe ya kuzaliwa hata kwa njiti, kwa hiyo chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 ni ya sasa hivi. Usiisogeze mbele. Na siku hiyo ya chanjo nina kazi nyingine ya kukupa, tutaifikia.

Kuhusu kuchelewa na kuwahi, Shirika la Afya Duniani liliwahi kufuatilia watoto wenye afya katika nchi 5: Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Kukaa bila kushikwa, wapo walioanza kabla ya miezi 4, wapo waliofika miezi 9. Kutambaa kwa mikono na magoti kulianzia miezi 5 hivi mpaka 13 na nusu. Kutembea wenyewe, kuanzia miezi 8 mpaka 17 na nusu. Hao wote ni watoto wazima, waliolishwa vizuri, wa mama wenye afya. Na karibu 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Waliburura makalio au waliinuka moja kwa moja, na wakatembea kama wenzao. Kwa hiyo "hatambai" peke yake, kwa mtoto wa umri wa mwanao, si habari ya kukunyima usingizi.

Ninachotaka ukiangalie ni mpangilio, maana mwili wa mtoto una utaratibu wake. Nguvu huanzia kichwani kushuka chini: kwanza shingo, kisha mabega, kisha mgongo, kiuno, mwisho miguu. Mikononi huanzia begani kwenda vidoleni: kwanza anapiga kitu kwa mkono mzima, baadaye anakikumbata kwa kiganja, na kuelekea mwaka mmoja ataokota punje ya wali kwa kidole gumba na cha shahada. Mwanao ameshakaza shingo, amegeuka, sasa yuko kwenye mgongo. Anafuata njia ileile. Mtoto anayetutia wasiwasi ni yule aliyekwama mahali pamoja mwezi baada ya mwezi, au aliyekuwa anaweza jambo kisha akaliacha.

Uzito nao tuuseme. Mtoto aliyezaliwa na wakati wake huongeza uzito mara mbili ifikapo miezi 4 hadi 6, na mara tatu akitimiza mwaka. Urefu huongezeka kama sentimita 25 mwaka huo wa kwanza. Hakuna mwaka mwingine tena wa kukua hivyo akishazaliwa. Kuanzia nusu ya pili ya mwaka kasi inapungua, na mama wengi hushtuka hapo wakidhani mtoto kaacha kukua. Binti yako ametoka kilo 1.9 mpaka 7.0. Kwa msichana wa miezi 7, wastani ni kama kilo 7.6, na mpaka wa chini tunaouogopa ni kama kilo 6. Yuko ndani, tena mbali na ukingo. Usisahau pia kwamba huyo wa wifi ni mvulana, na wavulana kwa kawaida huwazidi wasichana uzito kidogo. Fungua kadi yake uitazame wewe mwenyewe: zile nukta za kila mwezi zikiunganishwa, mstari unapanda? Mstari unaopanda sambamba na mistari iliyochapwa kwenye kadi ni habari njema hata kama uko chini ya ule wa jirani. Ukilala au ukashuka miezi miwili mfululizo, hapo muulize nesi bila aibu, foleni iwe ndefu namna gani.

Sasa nifike mahali ambapo pana kazi ya kufanya. Mwanao haguswi na sakafu. Anatoka mgongoni anaingia kitandani, anatoka kitandani anaingia kwenye beseni. Ninaielewa hofu yako. Mama aliyelea njiti wodini hubaki na hofu hiyo muda mrefu, na hakuna mwenye haki ya kukulaumu. Lakini nimonia husababishwa na vimelea, haitoki kwenye saruji. Kinachomkinga ni chanjo, maziwa yako, mikono iliyonawiwa, na kukaa mbali na moshi wa jiko na wa sigara. Sakafu anaihitaji, kwa sababu godoro linabonyea na halimpi mahali pa kujisukumia, na mgongoni anabebwa bila mwenyewe kufanya kazi.

Fanya hivi. Tandika mkeka, juu yake blanketi jepesi au kanga mbili. Chagua saa ambayo ameshaamka vizuri na hajashiba sana. Mlaze kifudifudi, ukunje kanga uifanye kama kigogo kidogo na uipitishe chini ya kifua chake, mikono yake ije mbele. Wewe lala chini pia, uso wako uwe mbele ya uso wake. Hiki ndicho wengi wanakiruka: wanamlaza mtoto kisha wanasimama, naye anabaki kuangalia miguu ya watu, lazima alie. Weka mfuniko wa sufuria unaong'aa karibu na mkono wake, kisha usogeze kidogo tu, asiufikie kwa urahisi. Akianza kulia mgeuze, mbembeleze, mrudishe baadaye. Dakika 2 au 3 zinatosha kwa kuanzia, mara nyingi kwa siku, kila baada ya kubadilishwa nepi kwa mfano. Ndani ya wiki chache utaona anainua kifua mikono imenyooka, kisha anazunguka kama mshale wa saa kufuata mfuniko wake. Kulala usingizi bado ni chali; kifudifudi ni kwa wakati yuko macho na kuna mtu anamwangalia.

Dada wa kazi mfundishe haya kwa kumwonyesha, usimwambie tu mlangoni ukiwa unatoka kwenda dukani. Kumbe yeye ndiye anayeshinda na mtoto. Mwondolee lile katazo la sakafu kwa kinywa chako mwenyewe, la sivyo ataendelea kumbeba kwa kuogopa kugombezwa.

Kuhusu mama mkwe, nitamtetea kidogo. Watu wa mijini tumezoea kucheka mambo ya kina bibi, lakini hili lina ushahidi. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super alichapisha utafiti kutoka Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, ambako mama huwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi. Watoto wale walikaa na kutembea karibu mwezi mzima kabla ya watoto wa Marekani waliolinganishwa nao. Lakini kwa mambo ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, hawakuwa mbele. Maana yake mazoezi hufanya kazi, na kila zoezi hukuza kile tu kinachozoezwa. Mama mkwe wako aliwaona wanawe wakikaa mapema, na nadhani hakukosea.

Tofauti ni kwamba mtoto aliyetiwa shimoni au kwenye beseni akabanwa pande zote, mgongo wake unaegemea tu. Dakika chache si neno. Nusu siku humnyima nafasi ya kuyumba, kujishika na kujirudisha, na huko kuyumba ndiko kunakofundisha kukaa. Badala ya shimo, mwombe mama mkwe akae mkekani miguu ameinyoosha, mtoto akae katikati ya mapaja yake amemwangalia au amempa mgongo, mikono ya bibi iko kiunoni mwa mjukuu. Siku hadi siku aishushe mikono na kuilegeza. Mwambie: "Mama, wewe ndiye mwenye uzoefu, naomba umfundishe mjukuu wako kukaa hivi, kliniki wamesema njiti wafundishwe taratibu." Sijui bibi atakayeikataa kazi hiyo.

Mafuta ya nazi na kukanda kwa mkono mwepesi, ruhusa. Kumvuta mikono na miguu mpaka analia, hapana. Viungo vya mtoto ni laini, hasa bega na nyonga, na kilio kile ni cha maumivu. Hapa usizunguke kwa adabu mpaka ujumbe upotee. Mume wako ndiye aliseme kwa mama yake, kwa upole, siku hiyo hiyo.

Na kigari msinunue. Mtoto ndani ya kigari anasukuma kwa ncha za vidole akiwa amening'inia. Hajifunzi kusawazisha mwili wala kuinuka, na watoto wanaoshinda humo mara nyingi huchelewa kutembea. Kibaya zaidi ni mwendo. Kwa kufumba na kufumbua anafika kwenye ngazi, kwenye ndoo ya maji, kwenye jiko la mkaa lenye sufuria. Kanada ilipiga marufuku vigari hivi mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha. Hizo hela mume wako anunulie mayai.

Maana chakula nacho kimo. Unasema anakula uji, hukusema mzito kiasi gani. Uji unaomwagika kwenye kijiko kama chai unajaza tumbo tu. Uwe mzito wa kubaki kwenye kijiko, utiwe karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta, na mara kwa mara apate yai, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa laini, maini, parachichi. Akiba ya madini ya chuma mtoto huipata kwa mama yake hasa katika miezi 3 ya mwisho ya mimba, na mwanao hakuimaliza miezi hiyo. Ndiyo maana njiti wanaishiwa damu haraka, na mtoto asiye na damu ya kutosha huwa mlegevu na hachangamkii kujaribu. Kliniki uliza kama alipaswa kuwa kwenye dawa ya matone ya madini ya chuma, na omba apimwe wingi wa damu.

Nimebakiza neno la jirani yako. Sitakwambia mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayoathiri misuli na mwendo wa mtoto, haupo, kwa sababu sijamshika mtoto, na ni kweli njiti wana uwezekano mkubwa kidogo kuliko watoto wengine. Nitakwambia cha kutazama. Ukimbadilisha nepi, miguu inafunguka kwa urahisi, au imekaza na kupishana kama mkasi? Mikono yote miwili inashika vitu, au mmoja daima umekunja ngumi na mtoto anatumia ule mwingine tu? Kupendelea mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka si uhodari, ni jambo la kuchunguzwa. Ukimnyanyua, mwili unateleza mikononi kwa ulegevu, au unajipinda kwa nyuma kama ubao? Anakuangalia, anageukia sauti yako? Kichwa hakikui kwa kasi kupita mwili, na utosi haujavimba? Katika uliyoniandikia, hasa kile kijiko kinachohama toka mkono huu kwenda ule, naona dalili nzuri. Lakini ukiona hata moja ya hizi mbaya, usingoje tarehe ya kliniki. Mtoto mwenye mtindio akianza mazoezi ya viungo mapema, ubongo ungali mchanga, anapata faida ambayo ni ngumu kuipata akianza na miaka 3. Hospitali ya rufaa ya mkoa uliza idara ya fiziotherapia. Kwa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT pale Msasani wana uzoefu mkubwa na watoto hawa. Wala hilo lisingekuwa kosa lako, wala la ukoo wa mtu yeyote.

Sasa ile kazi ya siku ya chanjo. Nenda na kadi ya kliniki na karatasi ulizopewa mliporuhusiwa wodini. Mwambie nesi sentensi hii mwanzoni kabisa, kabla hajaandika chochote: "Mtoto wangu alizaliwa wiki ya 33, aliwekewa oksijeni, naomba aonwe na daktari wa watoto." Mengine yatafuata yenyewe. Daktari atamshika, atampima misuli na kichwa. Muulize kama macho yake yaliwahi kuchunguzwa baada ya ile oksijeni, maana njiti waliopata oksijeni wanaweza kupata tatizo nyuma ya jicho lisiloonekana kwa kumtazama tu. Na muulize kuhusu masikio. Kama hayakupimwa, yapimwe sasa.

Mpe mwanao wiki 8 za mkeka kuanzia leo. Wakati huo kwa kadi atakuwa karibu na miezi 11, na kwa umri wake uliorekebishwa atakuwa na miezi 9 na kidogo. Akiwa bado hawezi kukaa bila kujishika, mrudishe kwa daktari hata kama kila mtu nyumbani anasema ngojeni. Kutembea usikuhangaikie mwaka huu. Na kwenye grupu la familia, ukiulizwa tena, jibu lako ni fupi: alizaliwa wiki 7 kabla, kwa hesabu ya daktari ana miezi 7, anaendelea vizuri. Wifi yako naye mwambie hivyo hivyo, huenda hakuna aliyewahi kumweleza.